Chupa Mbili na Nusu

Ndege iliondoka saa mbili na robo asubuhi, nami nikabaki kwenye lami na chupa tatu za oili mkononi, mbili tupu na ya tatu nusu. Nilijisikia mtu wa maana. Nilipunga mkono mpaka ndege ikawa kama nzi juu ya mabati ya Kibera, kisha nikaingia kwenye hanga, lile banda refu tunamolaza ndege, ili nijaze karatasi ya asubuhi.

Mstari wa jana jioni ulikuwa mwandiko wangu mwenyewe: oili, sita na nusu. Chini yake nilitakiwa kuandika ya leo. Leo nilikuta tano, nikaongeza chupa mbili na nusu, na kila chupa hupandisha alama moja, kwa hiyo saba na nusu. Hapo kalamu ikaganda. Ndege ilikuwa imelala ndani, imefungiwa kwa kufuli. Ndege si mlevi, haiamki usiku kunywa watu wakiwa wamelala. Kama jana ilikuwa sita na nusu, basi hata leo ilikuwa sita na nusu, kijiti cha kupimia oili kiseme kisemavyo. Na sita na nusu ukijumlisha mbili na nusu unapata tisa. Mtihani wa Form Four ulinipa D ya Hesabu, lakini hii niliipata mara moja bila kukwama. Kijiti chenyewe kinaishia nane.

Nikatoka nje nikatazama juu. Sijui nilitegemea kuona nini.

Ndani ya ile ndege mlikuwa na watu watatu: rubani, na mzee mmoja na mkewe waliokuwa wakirudi kwao kaskazini baada ya mzee kupasuliwa jicho. Alikuwa na bandeji upande wa kushoto. Kabla ya kupanda alinishika bega, nadhani kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu, akaniuliza, "Kijana, hii kitu iko sawa?"

"Iko sawa kabisa, mzee," nikamjibu, tena kwa sauti ya mtu aliyeiunda.

Afadhali niseme mapema mimi ni nani, usije ukanidhania fundi. Mimi ni mtu wa kuosha ndege. Nakaa Kianda, humo humo Kibera, chumba kimoja na kochi moja, na kama dunia ingeniuliza maoni yangu nisingetoka kwenye hilo kochi. Majirani wa ploti hunicheka: ati msee, jamaa mzima, anashinda na ndege na hajawahi kufika hata Naivasha. Ni kweli. Rubani aliwahi kuniambia nipande, anizungushe dakika kumi tu juu ya mji, nikamwambia nimeacha maharagwe jikoni. Yalikuwa maharagwe ya kweli. Lakini yalikuwa ya jana yake, na yalikuwa yameshaiva.

Kazi niliipata kwa mkono wa mama. Mama anauza mafuta ya kupikia Kawangware, ule upande unaopakana na Riruta, mbele ya ploti ya mzee mmoja mwenye nyumba za kupangisha. Huyo mzee ndiye fundi mkuu wa hanga letu. Aliniona miaka nikiwapimia wateja wa mama, akasema mkono wangu hautetemeki na simwagi, akanileta kuosha. Baada ya mwaka wa kuosha akanipa kupima oili. Kwa hiyo nikiharibu siharibu peke yangu. Mama yuko pale mbele ya geti lake kila siku ya Mungu, na huyo mzee hupita hapo asubuhi na jioni.

Na ni pale kwa mama mkono wangu ulipoharibikia. Pale mafuta hupimwa kwa kikombe cha bati. Kikombe hakijajaa mpaka mafuta yatune juu ya ukingo, yawe kama yanataka kuanguka na hayaanguki. Ukiacha upana wa ukucha, mteja atakuita mwizi na Kawangware nzima itasikia. Ukishamimina hicho kikombe, unarudi unachota tone la nyongeza, kwa sababu bila nyongeza hujamheshimu mtu. Nimefanya hivyo tangu darasa la tatu. Mtu akiniletea chombo, mkono unataka kukijaza, hata nikiwa nawaza mambo mengine.

Fundi alilijua hilo. Siku ya kwanza kunifundisha alifungua kidirisha juu ya pua ya ndege, akazungusha kifuniko, akavuta kijiti kirefu chenye alama, akaniambia, "Wewe, sikia. Hii si mafuta ya salad ya mama yako. Hapa hakuna kujaza. Ikiwa sita ama zaidi, unafunga unaenda. Ikiwa chini ya sita, unafikisha saba, unafunga unaenda. Ukijaza, inatapika."

"Inatapika wapi?"

"Tumboni. Kuna mrija unatoa hewa chini. Ile imezidi inatokea hapo, inapaka tumbo lote, na ni wewe unaosha."

Mengine alinifundisha kwa kunipiga vidole. Ndege isimame pahali pa tambarare. Kijiti ukikivuta mara ya kwanza usikiamini, kipanguse kwa kitambaa cheupe kisichotoa nyuzi, kirudishe mpaka mwisho, ndipo ukivute tena usome. Oili mpya ni safi hata haionekani, kwa hivyo kilaze juu ya karatasi nyeupe uone doa linakoishia. Kisichuruzike kwenye bomba la moshi, kwa sababu bomba likipata moto abiria watasikia harufu ya kuungua na wataanza kusali. Kifuniko kaza kwa vidole tu, si kama mtungi wa maji unaosafiri kwa mkokoteni. Na kubwa kuliko yote: injini ikiwa imetoka kuzimwa, ngoja dakika kumi. Oili bado iko juu huko inatambaa kwenye vyuma. Ukipima mapema, kijiti kitakuambia uwongo.

Mwaka mzima niliyafuata hayo yote. Asubuhi ile niliyafuata yote isipokuwa moja.

Rubani wetu ni mwanamke wa miaka kama ishirini na nane hivi, na mdomo wake hauna likizo. Mimi huniita jirani, kwa sababu akiruka hupita juu ya kwetu. "Jirani, leo nimeona blanketi yako kwenye kamba. Hiyo inahitaji maombi." Asubuhi ile alikuwa amewasha injini aipashe moto akidhani abiria wamefika. Hawakuwa wamefika. Akazima. Mara wakatokea getini, yule mzee akitembea taratibu ameshikwa mkono.

"Jirani, umepima oili?"

"Bado, Kapteni. Nilikuwa nangoja ulete ndege mbele."

"Sasa si upime? Ama ungoje askofu aje aibariki?"

Nikapanda kwenye kingazi changu. Injini ilikuwa imezimwa hata dakika mbili hazijaisha, naisikia inalia tik tik ikipoa. Nilijua. Siwezi kusema sikujua. Lakini mzee alikuwa amesimama juani na bandeji yake, mke wake amebeba kikapu kichwani, rubani anatazama saa, na mimi ni mtu nisiyeweza kuwaacha watu wamesimama. Nikapangusa kijiti, nikarudisha, nikavuta, nikakilaza kwenye karatasi. Tano. Nikamimina chupa ya kwanza kwa faneli, safi, hakuna tone nje. Nikamimina ya pili. Nikasoma tena: saba, lakini doa liliishia chini ya mstari kwa upana wa ukucha.

Upana wa ukucha. Nikafungua ya tatu.

"Poa?" rubani akauliza.

"Poa kabisa."

Ndiyo hiyo nusu.

Sasa nilikuwa hangani peke yangu na kalamu. Fundi alikuwa hajafika, Alhamisi huja saa tatu. Niliiwazia ile karatasi kwa namna ambayo sijivunii. Ningeweza kuandika chupa moja. Ningeweza kuandika kwamba nilikuta sita. Chupa ya pili ningeitia kwenye pipa la takataka la hanga la jirani, na ya nusu ningeificha nyuma ya sabuni. Nani angejua? Ndege ingejua. Na kama ndege ingejua ikiwa juu, karatasi yangu ingesomwa na watu wengine, wenye suti.

Nikampigia mama. Usiniulize kwa nini. Mtu akiogopa hupiga kule alikozoea kupiga.

"Baba, umekula?" ndiyo salamu yake, hata nikiwa mahututi.

"Nimekula. Mama, mtu akijaza mafuta kupita kiasi, inakuwa aje?"

"Inamwagika."

"Na ikiwa imefungwa, haiwezi kumwagika?"

"Itatafuta mahali. Kwani umemwagia nani? Umeharibu shati la mtu?"

"Hapana. Nauliza tu."

"Wewe huwezi kupiga asubuhi hivi, nikiwa na wateja, uulize tu." Nikasikia akimwambia mteja angoje. "Mwenye hayo mafuta anajua umezidisha?"

"Hajui."

"Si umwambie? Akikuta mwenyewe atasema ulikuwa unamwibia."

"Mama, mtu anaibiwaje kwa kuongezewa?"

"Mimi nimeuza hapa miaka ishirini na mbili. Mtu anaweza kukasirikia kitu chochote." Akakata.

Fundi aliingia saa tatu kamili, koti la bluu, redio ndogo ya mpira wa miguu mfukoni. Nilikuwa nimesimama katikati ya hanga kama mtu anayengoja kupigwa picha. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yote yakapotea.

"Fundi, nimejaza."

"Umejaza nini?"

"Ndege. Nilipima kabla dakika kumi. Niliongeza mbili na nusu. Jana ilikuwa sita na nusu."

Akanitazama. Kisha nikamwona midomo yake inahesabu, na ilipofika mwisho wa hesabu akavua kofia. "Ngai," akasema polepole. "Tisa."

"Itaanguka?"

"Haianguki kwa hiyo. Iliyozidi itatapika. Lakini sasa fikiria hii. Anatua kule kwenye changarawe, hakuna fundi, anaangalia chini, anaona tumbo lote jeusi limelowa. Atasema nini?"

"Atasema inavuja."

"Atasema inavuja. Atailaza huko siku mbili. Ama aione akiwa bado juu, inachuruzika kwenye gurudumu, aogope, atafute mahali pa kutua haraka, na kule chini ni mawe na mbuzi. Ndege haiui, woga ndio unaua." Alikuwa akielekea mezani kwenye redio ya kampuni huku akisema. Akaiwasha. Kisha akaninyooshea kipaza sauti. "Shika."

"Mimi?"

"Ni mimi nilimimina?"

Hapa ndipo mtu mwenye kujiheshimu husema alifanya kilichohitajika. Mimi nilisema siwezi, Kiingereza cha redio sikijui. Fundi akasema ongea Kiswahili, huu si mtihani. Nikasema wengine watasikia. Akasema na wasikie. Nikabonyeza. 

"Kapteni. Ni mimi. Wa kuosha."

Kukawa na mkwaruzo. Halafu sauti yake, mbali: "Jirani? Umeacha maharagwe jikoni?"

"Kapteni, oili imezidi. Nilipima mapema. Iko tisa."

Mkwaruzo ukaendelea.  Nilimwona yule mzee, jicho moja wazi, akisikiliza. Hakuwa akisikiliza, rubani ndiye mwenye vifaa vya masikio, lakini mimi nilimwona hivyo na bado huwa namwona.

"Rudia," akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. Utani wote ulikuwa umetoka.

"Tisa. Si kuvuja. Ukiona oili tumboni, ni yangu."

Mkwaruzo. "Nimekusikia. Sindano zote za vipimo ziko kwenye kijani. Presha sawa, joto sawa." Halafu akauliza: "Uliongeza ngapi?"

"Mbili na nusu."

"Hiyo nusu ilikuwa ya nini?"

Nikamtazama fundi. Fundi akatazama dari.

"Ilikuwa imepungua kidogo," nikasema. "Upana wa ukucha."

"Naendelea," akasema. "Nikitua nitasema."

Ilibaki kama dakika arobaini. Fundi akavuta kiti akakaa, akaanza kupanga spana ambazo zilikuwa zimepangwa. Mimi niliosha gurudumu la ndege nyingine ambalo nilikuwa nimeliosha jana. Nikaliosha tena. Kila redio ilipokwaruza niliruka, na kila mara ilikuwa ni mtu mwingine wa safari nyingine akiuliza upepo. Nilijiambia kwamba asingeweza kuanguka bila kusema. Halafu nikajiambia kwamba wengi huanguka bila kusema. Nilifikiria mama akiambiwa na wapita njia. Nilifikiria fundi akipita mbele ya meza ya mama jioni, bila kununua, bila kusalimia, akitazama upande mwingine. Ajabu ni kwamba hilo la mwisho ndilo lililonibana zaidi, na naona haya kuliandika, kwa sababu kulikuwa na watu watatu angani.

Saa nne kasorobo ikapita. Saa nne kasoro dakika kumi. Fundi akaacha spana.

Saa nne kasoro dakika nane: "Niko chini."

Fundi alikuwa amefika mezani kabla yangu, na umri wake wote. "Sema."

"Tumbo limelowa kutoka puani mpaka mkiani. Limejaa vumbi, linafanana na chapati iliyosukumiwa mchangani. Abiria wako sawa, wameshuka, wamechukuliwa. Injini sijui bado."

"Umevuta kijiti?"

"Sijavuta. Nangoja dakika kumi."

Fundi akanigeukia pole pole.   Tukangoja, yeye huko, sisi huku, redio katikati yetu ikivuma. Sikuwa nimejua dakika kumi zina urefu gani. Kwa mama, dakika kumi ni wateja wanne. Kwenye kochi langu dakika kumi hazipo kabisa. Pale zilikuwa mbuga isiyo na mwisho.

"Saba na robo tatu," sauti ikasema. "Nimeisoma mara mbili. Hakuna mahali panavuja, nimepangusa kila kona nikatazama. Naweza kurudi?"

"Washa, acha ikimbie kidogo, zima, tazama tena chini," fundi akasema. "Pakiwa pakavu, rudi."

Palikuwa pakavu. Alirudi saa nane na nusu. Niliisikia kabla sijaiona, nikaegemea nguzo nikajifanya natazama kiatu. Ndege ilikuja ikasimama mbele ya hanga. Tumbo lake kweli lilikuwa linatisha, jekundu la vumbi juu ya weusi wa oili, na nyasi zimenasa.

Rubani alishuka, akapita mbele yangu bila salamu, akaenda kwa fundi. Nikaona wanaongea. Fundi alikuwa akisema kwa vidole, akimhesabia. Nilidhani wanapanga mimi niende lini. Kisha rubani akaja, akachukua kitambaa kimoja kutoka kwenye ndoo yangu, akalala chini kwenye lami na shati lake jeupe, akajisukuma chini ya tumbo la ndege.

"Kapteni, acha, hiyo ni kazi yangu."

"Nyamaza ulale hapa," akasema. "Fundi ameniuliza swali moja tu. Ni nani anayetakiwa kuvuta kijiti kabla ya kuruka?"

"Mimi," nikajibu.

"Mimi. Si wewe, wewe unanisaidia tu. Sheria inasema ni mimi." Alipangusa kwa nguvu, oili ikamdondokea shingoni, akatukana. "Mimi sikutazama kijiti, nilikutazama wewe. Ulisema poa kama mtu anayeuza gari."

Nikalala kando yake. Tukapangusa tukiwa tumetazama juu, kila mmoja upande wake. Baada ya muda akauliza, bila kugeuka, "Uliogopa?"

"Hapana."

"Mwongo. Redioni ulikuwa unalia."

"Ilikuwa mafua."

"Mimi niliogopa," akasema. "Kwa dakika kama tano hivi. Nilikuwa natazama ile sindano ya presha mpaka macho yakatoa machozi. Mama wa nyuma akaniuliza kama na mimi nina shida ya jicho."

 Tulimaliza saa kumi na moja, na fundi akapitisha kiganja chake chote tumboni mwa ndege, akakitazama, akakipangusia kwenye koti langu. Halafu akatoa amri mpya. Kuanzia kesho kijiti kitasomwa na watu wawili: mmoja asome, asiseme, akirudishe, wa pili asome, ndipo wote waseme kwa pamoja.

Kesho yake abiria walikuwa wafanyabiashara watatu wenye simu masikioni. Injini ilikuwa imepashwa moto ikazimwa, kwa hiyo tukangoja dakika kumi, mimi nikiwa juu ya kingazi na rubani amekaa kwenye gurudumu. Mmoja wa abiria akauliza tunangoja nini. Nikamwambia tunangoja oili ishuke. Akaangalia saa yake ili niione.

Nikasoma, nikanyamaza. Akasoma, akanyamaza.

"Sita na nusu," nikasema.

"Sita na nusu kasoro," akasema yeye.

"Kasoro gani? Tazama doa."

"Natazama. Shikilia karatasi vizuri, umeiinamisha."

"Sijainamisha."

Tukabishana hivyo, vichwa vimegusana juu ya kipande cha karatasi, mpaka wale wafanyabiashara wakaacha simu wakaanza kututazama sisi. Wakawa wamesimama juani, wote watatu, wananingoja. Niliwaacha wasimame.